Umeona uozo kazini na unataka kusema? Mwongozo kamili wa kutoa taarifa bila kujimaliza, kwa wafanyakazi wa Tanga

Huu mwongozo nauandika kwa mtu ambae tayari keshaona. Uko stoo na kila wiki unasaini mzigo ambao haujafika, au uko hospitali unaona dawa zenye nembo ya serikali zinatoka mlango wa nyuma kwenda kuuzwa, au uko shamba la mkonge na kwenye karatasi ya malipo kuna majina ya vibarua ambao kambini hakuna mtu anaewajua. Au kiwanda chenu usiku kinafungulia maji machafu kuelekea mto Zigi na we unajua fika bwawa la Mabayani linalolisha maji mji wa Tanga linajazwa na mto huohuo. Umeona, moyo haukupi raha, unalala unageuka geuka mpaka adhana ya alfajiri.

Mimi nimekaa kwenye uongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi hapahapa Tanga, nimewasindikiza watu kwenye ofisi mbalimbali wakipeleka mambo yao, na kitu kimoja nimekiona kikijirudia mpaka kinauma: ushahidi watu wanao, ujasiri wanao, wanachokosa ni kujiandaa wao wenyewe. Wanafikiria kesi tu, hawafikirii usingizi, hela ya kula, ndoa, watoto, presha. Halafu mwili unaanguka kabla hata faili halijafunguliwa. Kwahiyo humu nitaongelea sheria na ofisi, ndio, ila muda mwingi nitauweka kwako wewe, kwasababu mtoa taarifa akivunjika hata ile taarifa yake inakufa.

HATUA YA KWANZA: Jua una nini mkononi

Kabla hujamwambia mtu yeyote kaa chini ujiulize maswali matatu. Hiki kitu nimekiona kwa macho yangu au nimesimuliwa? Nani anaumia nacho? Na je ni jambo la watu wote au ni ugomvi wangu mimi na bosi?

Hilo la mwisho usilipite haraka. Kama umenyimwa ovataimu, umerukwa kupandishwa cheo, umetukanwa na supavaiza, hayo ni malalamiko yako binafsi na yana njia yake, unaanza na HR, chama, halafu Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ambayo wengi tunaiita CMA. Ila kama wafanyakazi wote mnakatwa mchango wa NSSF kwenye mshahara na ukiangalia taarifa yako kule hamna kitu kilichoingia, hiyo ishakuwa jambo la wengi. Mara nyingi mtu anakuwa na vyote viwili kwa pamoja, anaonewa na pia ameona wizi. Sawa tu, ila vitenganishe kwenye karatasi mbili. Ukivichanganya atakaesoma atasema huyu ana hasira na mshahara wake, na ule wizi utasahaulika palepale.

HATUA YA PILI: Daftari

Nunua daftari la kawaida, counter book ndogo inatosha, ikae nyumbani, isikae kwenye droo ya ofisini wala kwenye kompyuta ya kampuni. Kila ulichokiona andika siku hiyohiyo: tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, nini kilifanyika, we ulikuwa unafanya nini pale. Usiandike unachokisia. Usiandike matusi. Ukiandika "yule mwizi leo kaiba tena" hiyo haina kazi, ila ukiandika "Jumanne saa 11 jioni, geti la nyuma, fuso nyeupe imetoka na magunia 40, hakukuwa na delivari noti, mlinzi wa zamu alikuwa fulani, mimi nilikuwa nahesabu mzigo wa asubuhi" hapo mchunguzi ana pa kuanzia.

Sasa kwenye karatasi na picha hapa naomba unisikilize vizuri kwasababu ndo watu wengi wanapojinyonga wenyewe. Chukua nakala ya kile ambacho kazi yako inakuruhusu kukiona. Kama kazi yako ni kusaini risiti basi risiti unazoziona kila siku unazijua. Ila usiingie kwenye kompyuta ya mwenzio kwa paswedi yake, usifungue imeili ya bosi, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo bila ruhusa na utakuta we ndo unageuka mshtakiwa. Na kama uko hospitali usitembee na mafaili ya wagonjwa kwenye simu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata bila sheria yule mgonjwa hajakukosea kitu. Andika namba ya faili na tarehe kwenye daftari, mchunguzi mwenye mamlaka atalifuata mwenyewe.

Jambo jingine: kabla hujatuma karatasi yoyote popote jiulize, hii karatasi ofisini wameiona watu wangapi? Kama mmeiona watatu tu, ikitoka nje watajua ni mmoja wa watatu na kesho yake mnaitwa. Skrinshoti inaonyesha saa, asilimia ya chaji, wakati mwingine hata jina la grupu na namna ulivyomsevu mtu. Picha ya karatasi inaonyesha meza yako, saa yako ya mkononi, kucha zenye hina. Hayo mambo madogo ndo yanamtaja mtu kuliko jina.

HATUA YA TATU: Panga maisha yako kabla hujafungua mdomo

Hii ndo hatua ambayo watu wanairuka, na ningekuwa na uwezo ningeiweka iwe ya kwanza. Chukua hata mwezi mzima kuifanya. Isipokuwa kama kuna mtu anaweza kufa kesho, mfano boila inavuja au watu wanaingizwa kwenye tenki bila hewa, hapo usisubiri kupanga, ripoti leo.

Anza na nyaraka. Mkataba wako, barua ya ajira, salari slipu, kitambulisho cha kazi, taarifa ya michango ya NSSF, barua zozote za pongezi au za tathmini ya kazi. Hizo za pongezi watu wanazidharau ila ukija kuambiwa baadae wewe ni mzembe tangu zamani ndo zitakusemea. Toa fotokopi seti mbili, moja kwako, moja kwa mtu unaemuamini ambae hamfanyi kazi pamoja.

Halafu hela. Piga hesabu ya kweli kabisa, kodi, unga, mafuta, ada, nauli, na uangalie mikopo. Kama una mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara au uko saccos ya kazini jua mshahara ukisimama nini kinatokea, na nakuomba sana usiingie kipindi hiki ukiwa na deni la kausha damu, kwasababu mtu mwenye deni la kila wiki bosi akimwita na kumuahidi kidogo anasaini chochote. Ukiweza kuweka akiba ya miezi miwili mitatu weka, hata kama ni kidogo kidogo. Kama una biashara ndogo pembeni, mama anauza mihogo na samaki, una kipikipiki, imarisha hiyo kwanza.

Walio mashambani wana mtihani wa zaidi. Ukiwa unakaa kwenye kota za kambini basi kazi ikiondoka na nyumba inaondoka, na pengine mtoto anasoma shule ya hapohapo. Nimeona familia ikitolewa vyombo nje huku baba bado anahangaika na barua. Kwahiyo kabla hujaandika mstari mmoja ongea na ndugu aliyeko Muheza, Korogwe au huku mjini, mjue mtafikia wapi.

Afya. Nenda kapime presha na sukari sasaivi kabla mambo hayajaanza, uandikiwe kwenye daftari la kliniki. Kuna sababu mbili, kwanza ujijue, pili baadae ukiugua utakuwa na kitu cha kuonyesha kwamba ulikuwa mzima. Kama unatumia dawa za kila siku hakikisha hazikatiki.

Na mwisho, nyumbani. Mwambie mwenza wako. Najua wanaume wengi wa kwetu wanasema simwambii ataogopa, lakini ataogopa zaidi siku akiambiwa na jirani. Sio lazima umpe majina na namba zote, mwambie kuna jambo nimeliona, nataka kulipeleka, inaweza kutugusa hivi na hivi, tukae tupange. Kama mama yako au shangazi ndo nguzo ya familia basi naye mtafute kwa adabu, umkalishe, umweleze. Baada ya hao tafuta mtu mmoja tu wa nje wa kuongea naye. Mmoja. Sio kijiweni cha kahawa, sio grupu la WhatsApp la waliosoma pamoja Usagara, sio jukwaani Mkwakwani siku Coastal wanacheza. Tanga mji mkubwa kwenye ramani lakini ukisema kitu Makorora asubuhi, mchana kishafika Chumbageni.

HATUA YA NNE: Chagua mlango

Hapa kuna swali gumu, nianzie ndani au nje?

Nikupe kitu kimoja cha kufikiria. Mwaka 1993 daktari wa magonjwa ya akili wa Australia, Jean Lennane, alichapisha kwenye jarida la kitabibu la BMJ uchunguzi wake juu ya watoa taarifa 35, watu waliofichua rushwa au hatari kwa umma. Hakuwachagua kwa bahati nasibu kwahiyo tusiseme kila mtu itamkuta hivyo, lakini kati ya hao 35, watu 29 walianza kusumbuliwa mara tu baada ya lalamiko lao la kwanza, la ndani. Sio baada ya kwenda kwenye magazeti. La ndani tu, lile ambalo mtu anadhani ndo salama.

Sisemi usianzie ndani. Kama anaekosea ni mtu wa chini na meneja ni mtu wa haki, ndani ndo haraka na mara nyingi linaisha vizuri. Ila kama anaetuhumiwa ndo huyohuyo utakaempelekea barua, au ni shemeji yake, ukianzia ndani unampa muda wa kuchoma karatasi. Huo ndo msimamo wangu na sijaona sababu ya kuubadilisha.

Milango ya nje ni hii. Rushwa, mishahara hewa, zabuni za kupikwa, dawa za serikali kuuzwa, hiyo ni TAKUKURU, wana ofisi ya mkoa hapa Tanga na namba ya bure 113. Mashine bila kinga, vumbi la chokaa bila maski, watu kufanyishwa kazi juu bila mkanda, hiyo ni OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wana Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 na wakaguzi wao wanaingia kiwandani. Michango isiyopelekwa, NSSF wenyewe. Uchafuzi wa mto au bahari, NEMC, lile baraza la mazingira. Dawa bandia au zilizoisha muda, TMDA, mamlaka ya dawa. Wizi wa wazi au vitisho vya kudhuru, polisi. Usipeleke barua moja ofisi sita kwa mpigo, watasukumiana.

Chama nacho usikisahau. Mashambani kuna TPAWU, viwandani na biashara TUICO, bandarini DOWUTA, afya na serikali kuu TUGHE, halmashauri TALGWU. Ila nakwambia kwa uchungu kama mtu wa chama, angalia kwanza kiongozi wa tawi lako anakaa meza gani na uongozi. Kama humuamini nenda ngazi ya mkoa moja kwa moja.

Kuhusu sheria, Tanzania tunayo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Inamlinda anaetoa taarifa kwa nia njema na kwa mamlaka husika asilipiziwe kisasi. Angalia maneno hayo mawili. Nia njema, maana yake ukisema uongo huku unajua ni uongo ulinzi huna. Na mamlaka husika, yaani kupeleka sehemu inayotakiwa. Kuposti Instagram au kumtumia mtu mwenye followazi wengi sio hiyo njia, hata kama unaona ndo wanaosikiliza haraka. Najua inakera kusubiri ofisi ila ukiposti umeshajiondolea ngao wewe mwenyewe, na ukikosea jina moja tu umejiletea kesi.

Utaje jina au usitaje? TAKUKURU unaweza kuwapigia bila kujitaja. Faida yake unaijua. Hasara yake ni kwamba hawana pa kukurudia wakikwama, na baadae ukifukuzwa itakuwa ngumu kuonyesha kwamba umefukuzwa kwasababu ya taarifa ambayo hakuna anaejua ni yako. Njia ya kati ambayo mimi naipenda ni kwenda mwenyewe, ujitaje kwa afisa, na uombe mbele yake jina lisitoke. Nenda siku yako ya mapumziko, usiende na yunifomu, na simu yako ya ofisini iache nyumbani.

HATUA YA TANO: Barua

Ukurasa mmoja, mwisho miwili. Wewe ni nani na unafanya nini pale, umeona nini, lini, wapi, nani walihusika, ushahidi uko wapi, unaomba nini. Basi. Usieleze historia ya kampuni, usimtaje Mungu mara kumi, usitishe. Soma kwa sauti ukiwa peke yako, kila sentensi jiulize hii naweza kuisema mbele ya hakimu? Kama huwezi ifute. Toa nakala mbili, ukifika pale omba nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Huo mhuri ni kitu kikubwa kuliko unavyodhani, kwasababu ukisumbuliwa wiki mbili baadae tarehe zenyewe zitaongea.

Ukishapeleka, siku hiyo usirudi kazini kama unaweza. Nenda kapumzike, kula, lala.

HATUA YA SITA: Miezi ya kwanza, hapa ndo mwili unapopigwa

Watu wanadhani wakishapeleka watapata nafuu. Siku mbili tatu kweli unasikia mwepesi. Halafu kimya kinaanza. Ofisi hawapigi simu. Kazini watu wawili wanaacha kukaa na wewe wakati wa chakula. Kila gari likisimama karibu na nyumba moyo unaruka. Unaamka saa 8 usiku unakagua simu. Tumbo linavurugika, kichwa kinauma nyuma shingoni, mtoto akimwaga chai unamfokea kama kafanya jinai. Hiyo yote sio uoga wala sio kulogwa, na nasema hivyo kwasababu kwetu mtu akiona hivi anakimbilia kusema katupiwa kitu. Ni mwili uko kwenye tahadhari muda wote na hauna pa kushuka. Kwenye wale watu wa Lennane, dalili za msongo zilikuwa zaidi ya tano kwa mtu kwa wastani, na mpaka wakati wa uchunguzi wastani bado ulikuwa kati ya tatu na nne.

Haya ndo ninayowaambia watu, na yanasaidia.

Mpe kesi muda wake. Chagua saa moja ya siku, mfano saa 11 jioni, hapo fungua daftari, andika kilichotokea, piga simu zinazotakiwa, kisha funga. Wazo likija usiku liandike kwenye karatasi kando ya kitanda, mwambie nafsi yako nitalishughulikia kesho saa 11. Mwanzoni unaona upuuzi, baada ya wiki chache kichwa kinazoea.

Tembea. Kama uko mjini shuka Raskazone jioni upigwe na upepo wa bahari, au panda baiskeli mpaka Sahare urudi, mradi jasho litoke. Usikae ndani umefunga madirisha. Kahawa punguza, baada ya mchana acha kabisa, najua Tanga kumwambia mtu aache kahawa ya jioni ni tusi ila usingizi wako ndo mtaji sasaivi. Miraa na pombe ndo kabisa, vinakupa saa mbili za raha na kukuibia usiku mzima.

Endelea na sala, kanisani, msikitini, kwaya, timu ya veterani, kikoba. Usijitenge. Anaetoa taarifa akibaki na kesi tu maishani, siku kesi ikikwama na yeye anakwama nayo.

Watoto waambie kitu kidogo cha kweli kinachoendana na umri. Kwenye uchunguzi uleule, kati ya watoto 77 wa watu 30, watoto 60 waliathirika kwa namna fulani, na ndoa au mahusiano saba ya muda mrefu yalivunjika. Mtoto anaona baba amebadilika na asipoambiwa anadhani kosa ni lake. Mwambie tu kazini kuna matatizo, baba anayashughulikia, wewe hujakosea chochote. Na mke au mume mpangiane siku moja ya wiki ambayo kesi haitajwi nyumbani kabisa.

Sasa kisasi. Mara nyingi hakiji kama kisasi, kinakuja kama utaratibu. Shifti inabadilishwa, unahamishiwa korona, yaani kwenye mashine ya kuchakata mkonge, au geti la mbali, unapewa kazi isiyo na maana, zinaanza barua za onyo kwa kuchelewa dakika 5. Kila kimoja andika kwenye daftari na tarehe. Ukipewa barua ya kujieleza jibu ndani ya muda, kwa heshima, kwa ufupi, na bakisha nakala. Ukiitwa kikao cha nidhamu, kwa sekta binafsi una haki ya kupewa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 na kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzio. Usiende peke yako hata kama unajiamini vipi. Ukisimamishwa kupisha uchunguzi, sekta binafsi unastahili mshahara kamili kipindi hicho.

Kitu ambacho nakuomba kwa mikono miwili, USIACHE KAZI KWA HASIRA. Na usisaini karatasi ya "makubaliano ya hiari" mlemle ofisini huku wamekuzunguka. Sema naomba nikaisome nyumbani. Ukiandika barua ya kuacha kazi mwenyewe unapoteza mengi, hata fao la kukosa ajira la NSSF lipo kwa ajili ya aliyeachishwa, sio aliyeacha.

HATUA YA SABA: Ukifukuzwa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 37, inasema kumuachisha mtu kwasababu ametoa taarifa ambayo sheria inamruhusu au inamtaka aitoe sio sababu halali. Lakini haki hiyo ina saa inayohesabu: una siku 30 tu tangu kuachishwa kupeleka mgogoro CMA. Nimeona watu wanaenda kijijini kutuliza kichwa, wanarudi siku ya 50, wanaanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu. Tulia kichwa ndio, ila fomu namba moja ya CMA ijaze kwanza. Ofisi yao ipo Tanga mjini. Inaanza usuluhishi, mkishindwana inaenda uamuzi. Nenda na daftari, barua yenye mhuri, barua za onyo zote zipangwe kwa tarehe. Dai cheti cha utumishi kabla hujaondoka kazini.

Kama humudu wakili, chama kinaweza kukuwakilisha, ndo maana nasema uanachama usiuache hata kama makato yanauma.

HATUA YA NANE: Akili ikizidiwa

Kuchoka na kuhuzunika ni kawaida. Ila kama zaidi ya wiki mbili hulali, huli, huoni raha na kitu chochote, unalia bila sababu, au umeanza kuwaza kwamba bora usiwepo, hapo sio suala la kujikaza tena. Kati ya wale 35 wa Australia, watu 17 walishawahi kuwaza kujiua. Karibu nusu. Nakwambia namba hiyo ili siku wazo likikujia usidhani we ni dhaifu au imani yako ndogo, ujue ni kitu kinachowapata watu waliobanwa hivi, na kina matibabu.

Wazo hilo likija usikae peke yako usiku huo. Mwambie mtu, hata kwa meseji ya maneno matatu, na uende hospitali, Bombo wapo wa kukuhudumia, au kituo chochote cha afya kilicho karibu. Kwetu ukitaja afya ya akili watu wanakuambia "unataka kupelekwa Lutindi?" kwasababu ile hospitali ya Korogwe ipo tangu enzi za Mjerumani na jina lake limekuwa la kutishia watoto. Achana nao. Lutindi kwenyewe wamewarudisha watu wengi kwenye maisha yao, na wewe pengine unahitaji tu dawa ya kulala wiki chache na mtu wa kuzungumza naye. Mueleze daktari ukweli wote, mwambie kuna mgogoro kazini, aandike. Daftari la hospitali nalo liweke na zile karatasi zako.

KWA NDUGU NA WAFANYAKAZI WENZIE

Kama wewe ndo rafiki wa aliyetoa taarifa na huwezi kutoka hadharani, sikulaumu, una watoto. Ila kaa naye wakati wa chakula. Mpigie jioni, muulize amekula nini, usimuulize kesi imefikia wapi. Usimwambie "si nilikwambia". Ukijua anakwenda kikao kesho jitolee kuwa yule mfanyakazi mwenzie wa kukaa pembeni, hauhitaji hata kuongea.

BAADA YA HAPO

Kesi inaweza kuchukua muda mrefu, na ofisi hazitakupa taarifa ya kila hatua, uchunguzi una siri zake. Pita mara moja kwa mwezi, na nakala yako yenye mhuri, uulize kwa adabu, uandike jina la afisa uliyemkuta, urudi zako. Ukienda kila siku utajiumiza na hawatafanya haraka zaidi.

Ukitafuta kazi nyingine na kwenye intavyuu wakauliza kwanini uliondoka, usidanganye na usimwage yote. Sema kulikuwa na tofauti kuhusu utaratibu wa stoo, nikalifikisha panapohusika, sasaivi liko kwenye vyombo. Halafu rudi kwenye unachoweza kufanya. Wadhamini wako waweke watu waliokuona ukifanya kazi, supavaiza wa zamani aliyehama, fundi mkuu aliyestaafu, mteja mliyekuwa mnahudumiana. Waombe ruhusa mapema kabla hujaandika namba zao, na waambie kilichotokea ili wakipigiwa simu wasishtuke.

Na yale makaratasi usichome hata mambo yakiisha. Ya CMA, ya NSSF, ya hospitali, daftari lenyewe, weka kwenye mfuko wa nailoni ufunge vizuri, maana unyevu wa pwani unakula karatasi, na seti ya pili ibaki kwa yule mtu uliyemkabidhi mwanzo.